Nina cheti cha Kiayalandi, lakini bibi wa Conamara simwelewi

Assalaam alaykum, Mwalimu.

Mimi ni mama wa miaka 54, mzaliwa wa Tanga. Huu ni mwaka wa 17 tangu nihamie Galway, magharibi ya Ayalandi, ambako nafanya kazi ya uuguzi, zamu za usiku, katika nyumba ya kulelea wazee. Tatizo langu ni la lugha, na nimelileta kwako kwa sababu kila ninapolieleza kwa Kiingereza linageuka kuwa mzaha.

Nilianza kujifunza Kiayalandi, ambacho wenyewe hukiita Gaeilge, miaka 9 iliyopita kwa ajili ya kazi za nyumbani za mwanangu wa mwisho, kwani shuleni huku ni somo la lazima. Mtoto alimaliza shule akakitupa. Mimi nikabaki nacho. Mwalimu wangu wa kwanza wa darasa la jioni alitoka Kerry, kusini-magharibi, akatufundisha kuulizana hali kwa “Conas taoi?”. Baadaye nikalipia wiki moja ya kiangazi huko Gleann Cholm Cille, Donegal, upande wa kaskazini, nikarudi na “Cad é mar atá tú?”. Wa sasa amekulia Dublin, Kiayalandi amekipata shuleni, na kwake kitabu ndicho mwamuzi wa kila kitu. Miaka miwili iliyopita nilifaulu TEG, mtihani wa kupima Kiayalandi cha watu wazima unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Maynooth, daraja la B2, yaani la kati lililo juu. Alama za kusoma na kuandika zilikuwa nzuri, za kusikiliza zilinivusha tu. Tangu hapo nimerudia darasa la kati mara tatu. Mle ndani mimi ndiye mkongwe, na wageni huniuliza kwa nini “bean”, mwanamke, imegeuka “mná”, wanawake, nami nawaeleza. Darasa la juu nililijaribu siku moja, nikawakuta watu wanabishana juu ya mashairi kwa kasi ya mvua ya masika. Wakati wa mapumziko nikachukua mkoba wangu na sikurudi.

Yote hayo ningeyavumilia. Lakini mwaka jana tulimpokea bibi mmoja, mzaliwa wa Conamara, pande za magharibi ya Galway ambako Kiayalandi bado ni lugha ya nyumbani, aliyeingiwa na maradhi ya kusahau. Mchana huzungumza Kiingereza cha kubahatisha, ila ikifika saa nane usiku Kiingereza humtoka chote akabaki na lugha ya kwao. Katika zamu yetu hakuna mwingine anayejua hata salamu, kwa hiyo huitwa mimi. Usiku mmoja nilimkuta ameketi kitandani anahangaika. Nikamwuliza, kwa sentensi niliyoipanga vizuri kichwani, kama yuko mtu anayetaka tumpigie simu. Akanijibu kitu nilichokisikia “nilsam”. Nikamshukuru, nikaenda ofisini, nikafungua faili lake nikatafuta jamaa aitwaye Nilsam, na sikumwona. Asubuhi binti yake alipofika nilimwuliza Nilsam ni nani. Alicheka hadi akafuta machozi, kisha akaniambia kwamba mama yake alisema “Níl a fhios agam”, yaani “sijui”. Mwalimu, maneno hayo yamo katika daftari langu la mwaka wa kwanza.

Na si kazini tu. Jumamosi nikipata nafasi hupanda basi hadi An Spidéal, kijiji cha Conamara, na kila nikisema dukani nilichokuja kununua hujibiwa kwa Kiingereza, tena kwa tabasamu, nami nabaki sijui kama ni lafudhi yangu, makosa yangu, au ngozi yangu na ushungi wangu. Kikundi cha mazungumzo nilichoelekezwa hukutana baa. Nakunywa soda pembeni, muziki unapigwa, sisikii kitu. Walimu hunifariji kwa methali yao, “Is fearr Gaeilge bhriste ná Béarla cliste”, bora Kiayalandi kilichovunjika kuliko Kiingereza cha ufundi. Methali hiyo inamfaa anayeanza. Mimi baada ya miaka 9 sitaki tena kusifiwa kwa kuvunja. Mume wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, huuliza swali moja tu: lugha hiyo ya nini, na wote wanaoizungumza wanajua Kiingereza?

Je, nirudi tena darasa la kati, nijilazimishe la juu, au nikubali kwamba umri umenipita? Usajili unafungwa mwisho wa mwezi.

Mama wa Zamu ya Usiku, Galway

*

Wa alaykum salaam, dada yangu.

Kwa kuwa usajili unafungwa, nitangulize jibu: muhula huu usijisajili popote. La kati limekuwa kwako baraza la kupumzikia, mahali unapoheshimiwa kwa mambo unayoyajua tayari, na la juu litakuongezea mashairi kabla hujapata masikio. Ada uliyokusudia kuilipa iweke. Nitakuambia pa kuitumia.

Cheti chako si cha uongo. Unajua lugha, ila umeijua kwa jicho. Tazama hayo maneno manne yaliyokuaibisha. Katika “fhios” ile “fh” haitamkwi kabisa, na “agam” katika kinywa cha mtu wa Conamara hufupika ikawa kama “aam”. Ukiyaunganisha yote unapata kitu kama “niil-is-aam”. Wewe ulikuwa unasubiri maneno manne yenye nafasi katikati, kama yalivyokaa daftarini, naye akakupa silabi tatu zilizoshikana. Nilipokuwa nafundisha wageni Kiswahili Unguja, mwanafunzi mmoja, mtu mzima mwenye bidii kama yako, aliniuliza “nshakula” ni chakula gani, kwa maana kila akimkaribisha mwenyeji wake mezani huambiwa neno hilo. Alikuwa anaijua “nimekwisha kula” barabara, na angeweza kukuchambulia viambishi vyake kimoja kimoja. Nilsam wako na nshakula wake ni mtu na ndugu yake.

Sasa nitasema jambo ambalo sidhani walimu wako wangeweza kuliona, kwa sababu wao hawajui Kiswahili. Umejifunza Gaeilge kwa kupitia Kiingereza. Vitabu vyako vimeandikiwa watu wanaosema Kiingereza, maelezo ya sauti yametolewa kwa mifano ya Kiingereza, nawe ukiingia darasani unaziacha mlangoni sauti ulizotoka nazo Tanga, kumbe baadhi yake ndizo hasa wenzako wanazozitafuta kwa jasho. Chukua neno “gort”, yaani konde. “Konde langu” ni “mo ghort”, na hiyo “gh” ni ile ya ghali na ghafla, ile ghayn uliyoisoma chuoni ukiwa mtoto. “Konde letu” ni “ár ngort”, na hiyo “ng” si ya ngoma, ni ya ng'ombe, imesimama mwanzoni mwa neno, mahali ambapo mwenye Kiingereza hujikwaa kwa sababu lugha yake haianzi neno kwa sauti hiyo. “Ch” ya “loch” ni kha ya kheri, wala si “k” kama inavyosikika madarasani. Hata “mo dhoras”, mlango wangu, huanza kwa ghayn hiyo hiyo ijapokuwa jicho lako litataka kuisoma kama dhahabu. Nina hakika, bila kukusikia, kwamba unazitamka zote nne kama wanafunzi wenzako.

Hata ile jedwali ya “liom, leat, leis” inayowatisha watu, wewe huna sababu ya kuiogopa. “Le” na “mé” vimeungana vikawa “liom”, kama “na” na “mimi” vilivyoungana vikawa “nami”. Nawe, naye, nasi. Tumekuwa tukifanya hivyo maisha yetu yote bila mtu kutuchorea jedwali.

Kiswahili nacho kitakudanganya mahali, nawe ujihadhari. Ukiona “ár mbád”, mashua yetu, usiitamke kama mbaazi. “B” imekufa pale, inasikika “m” tupu. Usitie irabu mwishoni mwa “loch” ikawa “lokhi”. Katikati, lakini, wenyewe huitia: “gorm”, rangi ya buluu, husikika “gorom”, na “ainm”, jina, husikika “anim”, hapo kinywa cha Mswahili kiko nyumbani. Lililo gumu kweli ni ule upana na wembamba wa konsonanti. Mwanzoni mwa neno utaliweza, kwa sababu “bó”, ng'ombe, na “beo”, hai, vinaachana kama “po” inavyoachana na “pyo”, na sisi tuna mpya na fyeka. Mwishoni ndiko kwenye kazi. “Bád” ni mashua moja. “Báid” ni nyingi, na tofauti yote imo katika “d” ya mwisho, ambayo katika wingi inasogea karibu na “j”. Fungua teanglann.ie, kamusi ambayo maneno yake mengi yamerekodiwa kwa lahaja tatu, Connacht, Munster na Ulster, usikilize sauti ya Connacht peke yake, kwani Conamara imo humo, ukirudia jozi za namna hii dakika kumi kila siku kabla hujalala baada ya zamu. Dakika kumi tu, na kwa sauti, hata mume wako akigeukia ukutani.

Nimesema Connacht peke yake, na hili nalisisitiza. Una salamu ya Kerry, una salamu ya Donegal, na juu yake umepakwa kitabu cha Dublin. Mtoto wa Tanga anajua kwamba Kimtang'ata si Kimvita, wala hakuna aliyekufa kwa kuchanganya. Lakini mtu akichanganya Kimtang'ata, Kimvita na Kiamu ndani ya sentensi moja, msikilizaji hushindwa kumweka mahali, na asiyewekeka mahali hujibiwa kwa lugha ya wageni. Tena Kiswahili sanifu kina afadhali, kwa sababu ile kamati ya lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1930 ilikijenga juu ya Kiunguja, lahaja ya watu walio hai. An Caighdeán Oifigiúil, Kiayalandi sanifu cha 1958, kilikusanywa kutoka lahaja mbalimbali kwa ajili ya maandishi ya serikali, na hakuna bibi anayekiota usiku. Kitunze kwa kuandikia. Kwa kusema, lahaja umeshachaguliwa na huyo mgonjwa wako. Anza kesho kuuliza hali kwa “Cén chaoi a bhfuil tú?”, na zile mbili nyingine zipumzishe.

Sikio unalijenga kwa redio. RTÉ Raidió na Gaeltachta inatangaza tangu 1972, makao yake yako Casla, Conamara kwenyewe, na najua ulishaambiwa uisikilize ukaifungua, ikakupitia kama upepo. Usiisikilize ovyo. Sikiliza “fógraí báis”, matangazo ya vifo. Wewe umekulia enzi za Redio Tanzania, huhitaji kuelezwa jinsi matangazo hayo yanavyokwenda kwa mpangilio ule ule: jina, kijiji, ndugu walioachwa, wapi, saa ngapi. Kwa kuwa mpangilio unaujua, sikio linabaki na kazi moja tu ya kukamata majina na saa. Siku ya kwanza andika vijiji tu, usiandike kingine. Utaanza kuwasikia watu wa Ros Muc, Carna na Leitir Móir, na majina hayo ndiyo bibi yako anayoyataja saa nane usiku wewe ukidhani anapayuka. Wiki ya pili ongeza saa. Ya tatu, neno “reilig”, makaburi, na ile dua wanayofungia, “Ar dheis Dé go raibh a hanam”, ya kuiombea roho ya marehemu mkono wa kuume wa Mungu. Ukifika hapo jirekodi ukirudia tangazo zima sambamba na mtangazaji, kwa kasi yake, ukimeza anapomeza. Kuyameza maneno kama wenyeji wanavyoyameza ndiko kunakofundisha kuyasikia yakimezwa.

Kuhusu duka la An Spidéal, sitakuambia kwamba ngozi na ushungi havihusiki kamwe, maana sikuwepo mimi ulikuwepo wewe. Nitakuambia tu kwamba watu weupe wa Dublin, wenye cheti na wasio nacho, hulalamika malalamiko hayo hayo kuhusu maduka hayo hayo. Katika sensa ya 2022 zaidi ya watu milioni 1.8 walisema wanaweza kuzungumza Gaeilge, na wanaoizungumza kila siku nje ya shule hawakufika 72,000. Fikiria basi muuza duka wa Conamara anavyopokea kila kiangazi watu wenye sentensi tatu walizozikariri, na nyuma yao foleni. Anageukia Kiingereza kwa adabu na kwa haraka, kama muuza viungo wa Darajani anavyomgeukia Mjerumani aliyeanza vizuri na “bei gani?”. Duka si mahali pa kujifunzia. Wala usiombe ruhusa kwa maneno marefu. Endelea tu na Gaeilge kana kwamba hukusikia Kiingereza, mara mbili, na ya tatu mwache na biashara yake. Palipo na wasaa unaweza kuuliza, “An miste leat Gaeilge a labhairt liom?”, yaani je, si vibaya ukizungumza nami Gaeilge, utaona wengi wanafurahi.

Mahali pa kujifunzia patafute kwa ile ada uliyoiweka. Katika Gaeltacht, yaani maeneo ambako Gaeilge bado ni lugha ya wenyeji, wako akina mama wanaopokea wanafunzi majumbani mwao, kila mmoja huitwa “bean an tí”, mwenye nyumba. Tafuta mmoja wa Conamara atakayekupokea mwisho wa wiki, mara nne kabla ya kiangazi, si kwa kozi, kwa kukaa tu jikoni. Mwambie mapema huli nguruwe wala hunywi kileo, mmalize. Menya viazi, sikiliza, jibu unapoulizwa. Baa usirudi, si kwa sababu ya dini peke yake, bali hakuna sikio linalonolewa kwenye kelele. Viko vikundi vya mazungumzo vinavyokutana maktaba na kwenye mikahawa, mchana, watu wakinywa chai.

Mume wako ameuliza swali zuri, na jibu lake limelala chumbani kwa bibi yule. Mtu huyo alijua Kiingereza. Sasa saa nane usiku hakijui.

Nimebakiza la kazini, nalo ndilo la haraka kuliko yote. Mwombe msimamizi wako iandikwe katika faili la huduma kwamba usiku mgonjwa huyu huzungumza Gaeilge. Hiyo ni taarifa ya matunzo kama ilivyo taarifa ya dawa, na isitegemee kama uko zamu au hukuja. Mwombe binti yake akuandikie maneno ya nyumbani kwao: walimwitaje mama yao, kijiji kinaitwaje, mbwa wao je, maji na blanketi wanavitajaje. Siku atakapoweza, akae naye wazungumze nawe uwepo, ukifanya kazi zako kimya. Bibi mwenyewe usimrekodi kwa simu hata kama ni kwa nia njema, kwani hana tena uwezo wa kukupa ruhusa.

Na mkiwa wawili tu, acha sentensi ulizozipanga kichwani. Mtu wa maradhi hayo ukimwuliza swali refu unampa mzigo, na ukimwambia arudie alilosema unamtia hofu kwamba amekosea. Rudia wewe neno lake la mwisho, lile ulilolisikia, kwa sauti yake yeye, kisha ungoje. Mara nyingi ataendelea kutoka hapo. Akikuambia tena “niil-is-aam”, mjibu “Ná bac leis”, achana nalo, lisikusumbue. Litamke “naa baak lesh”, “sh” ya shamba, polepole, ukiwa umeketi na si umesimama mlangoni.